Daraja la Kabilungu na Maneno ya Mama Mukwe

Habari hii nimeipata kwa Soraya, binti wa duka lenye milango ya buluu karibu na soko la Kasongo. Alinihadithia mwaka huu huu, mavuno ya mpunga yalipoanza, siku niliyompelekea telefoni ya mjukuu wangu aichaji. Jua lilikuwa dogo, betri zinajaa polepole, tukapata muda. Mengine nilimalizia kwa Marcelline, mama mwenye habari hii, kwa sababu Soraya anacheka sana mahali pa kucheka na anaruka haraka mahali pa kulia.

Asubuhi ile Marcelline alikuwa nyuma ya nyumba yake anakoroga sabuni. Mawese yalikwisha kupokea soda, na hapo mkono haupumziki. Ukiacha kidogo tu, mafuta yanajitenga na kazi yote inakuwa hasara. Telefoni ilikuwa kiunoni, imefungwa ndani ya kitenge. Ikatetemeka, akaiacha. Ikatetemeka tena na tena kama kuku aliyefungwa miguu, ndipo akaitoa kwa mkono wenye mafuta.

Aliyeandika alikuwa Nadine, binti yake aliyeolewa Wamaza. Hakumwandikia mama yake. Aliandika kwenye grupu la Tubebane, watu wote wasome: "Mama zangu na baba zangu, mume wangu anaumwa tumbo tangu usiku. Anatapika. Muganga Ismaël wa kituo anasema afike Kasongo leo, jua lisizame. Huku hakuna moto hata moja, wamotari wote na pikipiki zao wamekimbilia Salamabila, kuna shimo jipya la dhahabu. Mutubebe."

Marcelline akaitupa fimbo ya kukorogea, sabuni akaiacha ijitenge inavyotaka, akakaza kitenge na kukimbia kuelekea dukani kwa Soraya.

Tubebane ni shirika dogo la watu wasio na mshahara: wamama wa Kasongo, wamotari, waganga wa vituo vya vijijini, wakulima wa kandokando ya njia. Kazi yao ni moja, kumtoa mgonjwa kijijini na kumfikisha hospitali. Hawana ofisi wala kibao. Wana meza ya Soraya na sahani ya jua juu ya bati lake. Marcelline ndiye rais, kwanza kwa sababu yeye alilianzisha, pili kwa sababu akiita mtu sokoni, hata wale wasioitwa wanageuka.

Zamani kila kitu kilipita kwenye grupu la WhatsApp. Lakini grupu ni kama uwanja wa harusi, kila mtu anaingia na la kwake. Waridi za asubuhi, baraka za Jumapili, picha za mtoto na keki. Kuna mama alishinda kando ya njia akingojea moto, mimba inamsumbua, na ujumbe wake umezikwa chini ya maua. Ndipo Soraya, aliyekwenda mafunzo Kindu, akawafungulia kitu kingine kinachoitwa wiki. Ni ukurasa ulio ndani ya telefoni, mwanachama yeyote anaufungua, anaandika anachokijua, anafuta kilicho uongo na kuweka kilicho kweli. Kilichofutwa hakipotei, kinalala chini, ukitaka unakifunua na kuona nani alifuta. Wakauita Njia: daraja gani zima, kivuko gani kimejaa maji, mafuta ya moto yanauzwa wapi, kituo gani kina dawa. Maneno yote kwenye grupu, akasema Soraya, kweli tu kwenye Njia.

Wakaelewa nusu. Kuandika waliandika, na mwanzoni hata salamu ziliingia humo. Kufuta ndiko kulikowashinda. Utafutaje maneno ya mkubwa, mwenyewe yuko hai na telefoni iko mkononi mwake? Mtu akiona pameandikwa uongo, alikuwa anaandika chini yake kwa adabu, kwamba Mama fulani amesema vizuri, tunamshukuru, ila huenda mvua imenyesha tangu hapo. Ukurasa ukarefuka kama hotuba za matanga. Na maneno ya Marcelline ndiyo hayakuguswa kabisa. Yeye mwenyewe alifikiri ni kwa sababu anaandika sawasawa.

Élysée, mume wa Nadine, alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kutogusa. Kwao, mume hakutani na mama mukwe wake. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini mpaka apite. Hawali pamoja, hawatazamani, na mambo ya mwili wa mmoja hayatajwi mbele ya mwingine. Élysée alikuwa anasukuma baiskeli iliyopakia madumu ya mawese kutoka Wamaza, na mawese ya sabuni ya Marcelline aliyaacha kwa Soraya, akaondoka kwanza ndipo mama mukwe aje. Nadine alipomuingiza kwenye grupu na akaona jina la Marcelline liko juu, alitoka palepale. Grupu zima lilicheka, wakasema kijana ameingia majanini hata kwenye telefoni. Marcelline aliringa juma zima. Alisema wengine wamepata wakwe wa kuwasumbua kwa maneno, yeye amepata mwenye heshima.

*

Alipofika dukani, Soraya alikwisha kufungua Njia kwenye telefoni yake kubwa. Barabara ya juu ndiyo fupi, inapita daraja la miti la Kabilungu, na hapo paliandikwa: "Daraja la Kabilungu liko muzuri, moto inapita na mizigo yake." Aliyeandika ni Marcelline, amepewa habari na mfanyabiashara wa kanisani kwake.

Basi hawakusita. Nourdine, mmotari mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa mlangoni anakunywa chai. Marcelline akamwambia mguu juu ya moto, Wamaza, barabara ya juu, mukwe wangu ni mgonjwa.

"Yule anayekukimbia?" Nourdine akasema, kikombe bado mdomoni. "Leo nitamuleta hapa mbele yako, Mama, tuone atakimbilia wapi."

"Enda, mupumbavu wewe."

Akaenda. Vumbi lake lilikuwa bado hewani grupu lilipoanza kujaa. Wengine walileta sala, wengine dawa. Mmoja alisema ni minyoo, mwingine alisema amekula muhogo mbichi, wa tatu alitaka kujua kama kuna mtu aliyemkasirikia. Kisha mwanamke mmoja wa Wamaza, jirani ya Nadine, akaandika kwamba tumbo la namna hiyo ni la kupigwa bomba kwa nyuma, asafishwe mpaka ndani. Yeye amekwisha kuponda tangawizi na majani, sasa hivi anapeleka.

Nyuma yake akaja Hidaya, muuguzi wa chumba cha upasuaji, naye mwanachama. Hidaya hana maua. Aliandika hivi: "Tumbo la namna gani? Dokta anatoka sasa hivi kwenda matanga ng'ambo ya Lualaba. Kama ni tumbo la vidonge, mulete tu. Kama ni la kisu, museme nimukamate mulangoni."

Hakuna aliyemjibu. Huko Wamaza rezo, mtandao wa telefoni, inapatikana kilimani peke yake. Nadine alikwisha kuandika yake na kushuka kwa mumewe, na Muganga Ismaël alikuwa chini pamoja naye. Soraya akapiga kwa Nadine, haipiti. Akapiga kwa Hidaya, inaita tu. Labda anakimbia nyuma ya dokta.

Marcelline alikuwa amekaa kwenye gunia la chumvi. Soraya anasema uso wake uligeuka kama wa mtu aliyemeza kitu cha moto na kuna wageni.

Kwa sababu yeye alijua. Kiangazi kilichopita alikuwa anatoka mtoni, akaona kwa mbali baiskeli imelala kando ya njia, na Élysée chali karibu yake, miguu ameipandisha juu ya dumu, mkono ameubana pale chini ya tumbo, mahali ambapo mama mukwe haangalii. Marcelline alijificha nyuma ya nyumba ya watu. Akaona namna anavyobonyeza taratibu, meno yamekazwa, mpaka kile kilichovimba kikarudi ndani, akainuka na kusukuma tena kama si yeye. Marcelline hakumwambia mtu, hata Nadine. Angesemaje? Atasema alikuwa anaangalia nini?

"Mama," Soraya akasema, "kama unajua kitu, sema."

"Sijui kitu."

"Yule mama anapeleka bomba."

Marcelline akasema neno lile kwa sauti ndogo, akitazama chumvi. Ngiri. Soraya akashika mdomo. Kila mtu anayekaa karibu na hospitali anajua ngiri iliyokwama, kwamba ukiongeza bomba au dawa ya kuharisha, utumbo unapasuka na mtu anakwisha. Akanyoosha mkono na kusema nipe telefoni, nitaandika mimi, wewe usionekane.

"Wewe?" Marcelline akamtazama vizuri. "Watakuuliza, binti wa watu, mambo ya mume wa mutu ulijulia wapi. Utawajibu nini?"

Soraya akarudisha mkono. Anasema hapo hata yeye alitaka kucheka, lakini cheko halikutoka.

Marcelline alifuta mafuta ya sabuni vidoleni, kidole kimoja kimoja. Yeye anaandika polepole, herufi anaitafuta, anaibonyeza, anaiangalia kama imekaa. Aliandika haya: "Ni mushipa wa ngiri, umekwama. Nilimuona kwa macho yangu. Asipigwe bomba, asipewe dawa ya kuharisha, alazwe miguu juu. Hidaya, kamata dokta. Nimeandika mimi, mama mukwe wake." Akabonyeza, akaigeuza telefoni uso chini juu ya meza kama karata mbaya.

*

Grupu lililokuwa linapiga kelele tangu asubuhi likanyamaza. Hakuna sala, hakuna waridi. Watu wote walikuwa wanasoma. Soraya aliona alama za kusomwa zinaongezeka na hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Papa Bulaimu, mdogo wa baba yake Élysée, mzee wa Wamaza, ndiye aliyepokea na kutoa maneno siku ya mahari. Aliandika: "Mama Nadine, umemuvua mutoto wetu nguo katikati ya soko." Chini yake telefoni yenyewe ikasema kwamba Bulaimu ametoka kwenye grupu. Akafuata mwingine wa ukoo wake, akatoka. Na mwingine.

Dukani kulikuwa na wateja, na wateja wana masikio. Mwanamke aliyekuja kununua viberiti alimuuliza Marcelline, kwa upole wa kuchoma, kama siku hizi wakwe wanaoga pamoja. Marcelline alikuwa anahukumiwa na watu aliokuwa anawatuma, na alijua jioni ile jina lake litapikwa katika kila jiko la Kasongo.

Ndipo Hidaya akaandika. "Nimekamata dokta. Alikuwa na mguu mumoja kwenye moto. Amevua kofia, anaosha mikono. Muleteni." Na mara jirani wa Wamaza, yule wa bomba, akaandika kwamba alikuwa anataka kwenda kwa Nadine na chupa mkononi, ujumbe umemkuta kilimani kabla ya kushuka, dawa ameimwaga, Mama Nadine asamehe. Marcelline akasoma, akarudia kusoma. Akasema kumbe Mungu yuko, na akaomba maji ya kunywa.

Alikuwa bado na kikombe mdomoni Soraya alipomwita kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia. Kwenye Njia, pale penye Kabilungu, maneno ya Marcelline hayakuwako. Yamefutwa yote, herufi hata moja haikubaki, na mahali pake palikuwa na maneno mengine: "Daraja la Kabilungu limekatika. Muti mukubwa wa katikati umevunjika tangu soko lililopita. Moto haipiti."

Marcelline aliyasoma, na usimlaumu, jambo la kwanza alilosikia si hofu ya daraja. Alisikia kofi. Nani amefuta, akauliza. Soraya akafunua chini, akamwonyesha jina. Nadine.

Baadaye Nadine alieleza ilivyokuwa. Jirani yule alishuka mbio kutoka kilimani akawaambia kilichoandikwa kwenye grupu na nani amekiandika. Élysée alivuta shuka mpaka juu ya kichwa, hakutaka hata muganga amuone. Akakaa humo chini ya shuka, anaugulia. Kisha wakamsikia anacheka, cheko la mtu anayeumwa, fupi na kukatika. Akasema, bado amefunikwa: "Basi. Kama mama amekwisha kusema yangu, na mimi nitasema yake. Daraja lake limevunjika."

Nadine akamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu alipovuka na mawese ya mwisho. Aliona kwenye ukurasa pameandikwa uongo, akaona ni nani ameandika, akafunga telefoni. Muganga Ismaël anasema hajawahi kumsikia mwanaume akitukanwa namna ile na mke wake huku anashikwa mkono kwa mapenzi. Kisha akapanda kilima, akafuta maneno ya mama yake, akaandika ya mumewe. Na hakuishia hapo. Élysée alikuwa amemwambia mahali: juu kidogo ya daraja, pale wanawake wanapoloweka muhogo, kuna mawe chini ya maji, mtu anapita magoti tu. Hilo nalo akaliweka.

Sasa Nourdine yuko njiani, anakwenda mbio kwenye daraja lililovunjika.

*

Soraya anasema kuanzia hapo hakukaa tena. Kila akifungua Njia anakuta mtu ameandika, na haikuwa adabu tena, ilikuwa kazi. Ni kama watu walikuwa wanangoja mmoja tu athubutu. Binti amefuta ya mama, mbingu haikuanguka, basi kila mmoja akaingia na kalamu yake. Mkulima wa Kabilungu aliandika kwamba ni kweli, muti umelala majini, yeye na ndugu zake wanakwenda kufunga kamba kwenye mawe ya muhogo. Muganga Ismaël, amepanda kilima sasa, aliandika kwamba hawangoji moto Wamaza. Wanamfunga mgonjwa kwenye kitanda cha mianzi na kumbeba kwa mabega mpaka mtoni, moto imngojee ng'ambo ya huku. Mwingine akaandika mafuta yapo kwa nani. Na katikati ya yote, kwa kuwa mlango umefunguliwa, mmoja akafuta kituo alichoandika Marcelline kwamba kina dawa, akasema kilifungwa zamani. Mwingine akafuta bei yake ya kivuko. Mwingine akafuta kijiji kizima alichokiweka upande usio wake.

"Wananimaliza," Marcelline akasema. Lakini alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya bega la Soraya, anasoma kwa sauti ili duka lote lisikie, na kila walipomfuta alisema eeh, sawa, na huyo kaandika vizuri.

Kilichobaki ni Nourdine. Telefoni yake ikiwa njiani haishiki rezo, isipokuwa juu ya kilima kimoja ambapo Sarah-Grâce anauza mikate kwa wasafiri. Sarah-Grâce yuko kwenye grupu, lakini asubuhi anakaanga, hatazami telefoni. Wakampigia wote kwa pamoja, kila mtu na telefoni yake, hata yule mwanamke wa viberiti alitoa ya kwake. Mwishoni akashika, akafoka kwamba mafuta yake yanaungua. Marcelline akamwambia simama barabarani.

Akasimama barabarani, na karai lake la mikate kichwani, mikono imenyooshwa. Nourdine alifunga breki akalala nusu chini, akatukana, akasikiliza, akachukua mkate bila kulipa, akaondoka kuelekea mawe ya muhogo. Sarah-Grâce aliandika hayo yote kwenye Njia, hata mkate wake, na Soraya akauacha.

Kisha kukawa kimya cha Kabilungu. Kule chini mtoni hakuna rezo hata ya dawa. Duka lilikuwa limejaa. Watu walikaa juu ya magunia, juu ya madumu, wengine wamesimama mlangoni kama siku ya mpira. Soraya anafungua, hakuna. Anafungua, hakuna. Jua likapita katikati ya mbingu. Hidaya akauliza, wakamwambia bado. Marcelline alikuwa anapanga viberiti vya duka, anavipangua, anavipanga, na Soraya hakumkataza.

Sarah-Grâce ndiye aliyeandika. "Wamepita. Nourdine mbele, mugonjwa katikati, Papa Bulaimu nyuma amemukumbatia. Wote wamelowa. Anaishi, nimesikia anaomba Nourdine apunguze maneno."

Watu wakapiga kelele mpaka mwenye duka la pili akatoka kuuliza nani amezaa. Marcelline hakupiga kelele. Aliomba asomewe tena pale penye jina la Bulaimu. Mzee aliyetoka kwenye grupu alikuwa ameingia chini ya kitanda cha mianzi, ameshika pembe ya mbele, amekuwa wa kwanza kutia mguu majini.

*

Dokta alimpasua alipofika tu. Alipotoka alisema utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi lakini umerudi mwekundu mkononi mwake; wangechelewa kidogo, angekata kipande, na wangechelewa zaidi, asingekata kitu. Aliuliza nani ni mama wa mgonjwa. Marcelline alikuwa nyuma ya ukuta, karibu na majiko ya wasindikizaji. Hakusogea.

Hapo palikuwa na shida nyingine. Nadine bado yuko njiani kwa miguu, mgonjwa analala kama gogo, na lazima mtu akae naye, amloweshe midomo, afue mashuka, amshike asijigeuze. Bulaimu alijaribu. Alikaa kitandani kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha hakimu, kitambaa cha maji mkononi, hajui aanzie wapi. Na Marcelline, aliyemuokoa, hawezi kuvuka mlango ule.

Wakaanza kuja. Mwanamke mmoja na beseni, akasema yeye ndiye aliyeandika habari ya mafuta. Mwingine na sabuni na kuni, akamwambia Marcelline yeye ndiye aliyemfuta kijiji chake, asikasirike. Hawakuwahi kuonana, walijuana kwa maandishi tu, na Marcelline alikuwa amewafikiria wanene, kumbe wembamba, vijana, kumbe wana mvi. Waliingia kwa zamu, wakafanya kule ndani yale ambayo dada wa mgonjwa angefanya. Yeye akabaki nje na sufuria.

Bulaimu akatoka, suruali imemkauka na matope, akaja kusimama mbele yake.

"Mama Nadine, kuku wa bukwe, wa kusafisha heshima ya wakwe, utaleta," alisema. "Ulichofanya hakifanywi."

"Nitaleta, Papa. Na jogoo nitaongeza."

"Jogoo wa nini?"

"Wa kukurudisha kwenye grupu."

Mzee akatazama pembeni, mdomo unamshinda kwa kucheka. Akasema Soraya amuingize basi, lakini wale wa maua wapunguze, yanamalizia mega za telefoni. Kisha akajinyoosha kwenye benchi la mapokezi, na kabla ya kuvua viatu alikuwa anakoroma.

Asubuhi ya pili jua lilipanda safi. Nadine alifika nyuma ya moto ya mkulima wa Kabilungu, akaingia ndani, akamshika mumewe uso, akajilaza sakafuni chini ya kitanda, akalala na viatu. Nourdine alikuwa amelala juu ya moto yake, shavu kwenye tangi. Soraya alikwenda kuwajazia watu telefoni zao, akasinzia juu ya meza nazo zinatetemeka. Hidaya akatoka kusema dokta ameruhusu uji mwepesi.

Marcelline akapika uji wa muchele, akauchuja, akampa Hidaya aupeleke. Dirisha la chumba kile lilikuwa juu ya kichwa chake, halina kioo, wavu tu. Alisikia kijiko kinaingia, kinatoka, kinasimama. Kisha akasikia sauti, dhaifu, inasema na ukuta, kwa sababu ukuta hauna ukwe na mtu.

"Wambieni huko nje, uji hauna sukari."

Wanawake wote wa majikoni wakageuka kumtazama. Hajasikia neno la kijana huyo tangu siku ya harusi, na neno la kwanza ni la kumkosoa. Marcelline akainamia sufuria.

"Uji," akaiambia sufuria, kwa sauti ya kufika dirishani, "umesikia? Umekosolewa."

Kule ndani mtu akacheka, akasema aï, kidonda. Marcelline akatia sukari, akaonja, akaongeza, akapeleka kikombe cha pili. Alikaa ukutani akasikiliza mpaka kijiko kikakwangua chini kabisa. Baada ya hapo ikaja pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba kidogo na kulala. Hakukuwa tena na mtu wa kumngojea wala wa kumtuma. Alitandika kitenge chake juani, pembeni ya majivu, akageuza mgongo kwa heshima kuelekea dirisha, akaweka mkono chini ya shavu, na usingizi ukamkuta hajamaliza kufunga macho.